Titanic Ilikuwa ya Nani? Usikubali Kugeuzwa Bendera

Umeitazama ile filamu ya Titanic, si ndiyo? Basi nikuulize swali rahisi: ile meli ilikuwa ya nani?

Utasema ya Waingereza. Kwenye karatasi, hujakosea. Ilisajiliwa Liverpool, jina la mji huo likaandikwa nyuma yake, na bendera iliyopepea ilikuwa ya Uingereza. Lakini mkwanja? Mkwanja ulikuwa wa Marekani. White Star, kampuni yenye meli hiyo, ilinunuliwa mwaka 1902 na muungano wa makampuni uliosukwa na tajiri wa benki wa New York, J. P. Morgan.

Sasa cha kushangaza ni kwamba sheria ya Uingereza ilikataza mgeni kumiliki meli yenye bendera yake. Na haikuwa sheria ya jana. Mwaka 1651, bunge lilipitisha kwamba bidhaa za Afrika, Asia na Amerika ziingie kwa meli za Waingereza na makoloni yao pekee. Waliolengwa ni Waholanzi, wababe wa kubeba mizigo baharini enzi hizo. Mwaka 1660 kamba ikakazwa: nahodha awe Mwingereza, na robo tatu ya mabaharia pia. Hata Waskoti, majirani waliokuwa chini ya mfalme yuleyule, walihesabiwa wageni hadi nchi hizo zilipoungana mwaka 1707.

Adam Smith, yule msomi anayesifika kwa kutetea biashara huria, aliiunga mkono sheria hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba usalama wa nchi ni muhimu kuliko utajiri. Vita vikija, unataka meli na mabaharia wako mwenyewe.

Sheria hizo za biashara zilifutwa mwaka 1849, lakini sharti la umiliki halikuzama nazo. Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 1894 iligawa umiliki wa meli katika hisa 64, na mgeni hakuruhusiwa hata moja. Akijipenyeza, fungu lake lingeweza kutwaliwa na serikali.

Morgan alipitia wapi basi? Sheria hiyohiyo iliruhusu meli kumilikiwa na kampuni, mradi iwe imesajiliwa katika himaya ya Uingereza na makao yake makuu yawe humo. Haikuuliza hisa za kampuni ni za nani. Kwa hivyo mgeni hakumiliki meli. Alimiliki kampuni iliyomiliki meli. Umeuona mchezo?

London ilishtuka. Mwaka 1903 serikali iliamua kuikopesha Cunard, mshindani wa White Star, pauni milioni 2.6 ijenge Lusitania na Mauretania, kwa sharti kwamba kampuni ibaki mikononi mwa Waingereza. Karne mbili na nusu za sheria, na bado walilazimika kuingiza mkono mfukoni!

Kuna watakaosema, "Sasa shida iko wapi? Meli inasafiri, watu wana kazi." Shida ni kwamba ukitunga sheria ya kumlinda mtu fulani, kisha ukaishia kusoma jina kwenye karatasi, hujamlinda. Umemfundisha tu mwenye pesa mahali pa kujificha.

Na hili linatuhusu sisi vijana moja kwa moja. Hapa Kenya, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sheria nzuri. Lakini sote tunaijua ile simu: "Kijana wangu, nipe kitambulisho chako tufungue kampuni. Wewe utatia sahihi tu, mengine niachie." Zabuni ikilipwa, unapewa ya nauli na chakula. Kodi isipolipwa, anayetafutwa ni wewe.

Ndugu yangu, hapo wewe si mkurugenzi. Wewe ni bendera. Kabla ya kutia sahihi, uliza hisa ni za nani, akaunti ya benki inaendeshwa na nani, na deni litamwangukia nani. Mdosi akikasirishwa na maswali hayo, chukua kitambulisho chako uende zako.