Waacheni Madiwani Wagombane

Hakuna methali inayowafaa wakubwa kuliko ile ya tembo wawili na nyasi. Ikisikika redioni kwamba meya fulani wa bara kavurugana na madiwani wake, hapa Mtambile, Pemba, jawabu huwa tayari: wakigombana wao, anayeumia ni mwananchi, bora wakae kitako wapatane, maendeleo yaje. Asemaye hivyo huonekana mtu wa busara. Mimi naona anatupotosha, na nitasema kwa nini.

Chukueni Bukoba. Meya wa manispaa ile, Anatory Amani, aliingia katika mvutano mkali na madiwani wa chama chake mwenyewe, CCM, ambao walikuwa kambi moja na mbunge wao, Khamis Kagasheki. Walichokuwa wakihoji kilikuwa mradi wa soko na mradi wa viwanja: nani kaidhinisha, fedha zinakwendaje. Wapenda utulivu wakaja na dawa yao. Agosti 2013 chama mkoani Kagera kikawavua uanachama madiwani wanane, ingawa ngazi ya taifa iliuzuia uamuzi huo. Januari 2014 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Ludovick Utouh, akaleta ripoti ya ukaguzi maalumu iliyoonesha kasoro katika miradi iliyolalamikiwa, na meya akatangaza kuachia ngazi. Sasa niambieni, wale wanane wangesikiliza nasaha za kupatana, nani angefungua yale majalada?

Sisemi kwamba kila ugomvi una haki ndani yake. Januari 2020 Isaya Mwita wa CHADEMA aling'olewa umeya wa Jiji la Dar es Salaam kwa kura ya kutokuwa na imani, na mabishano yakahamia kwenye akidi na saini za mahudhurio. Hapo ilikuwa hesabu ya vyama tu, tusidanganyane. Lakini tazameni kilichofuata. Februari 2021 Rais Magufuli alilivunja Baraza la Jiji lenyewe, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Ugomvi wote ule ulimwondoa mtu mmoja. Amri moja kutoka juu ilifuta baraza zima, na hiyo hakuna aliyeiita vurugu.

Kampala nayo tumezoea kuisimulia kama kisa cha watu wawili wasiopendana, Meya Erias Lukwago na mkurugenzi mtendaji Jennifer Musisi. Kiini chake kilikuwa sheria ya 2010 iliyouweka mji chini ya mamlaka mpya: meya anapigiwa kura na wananchi, mkurugenzi anateuliwa na Rais, na usukani wa kila siku uko kwa mteule. Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa Lukwago huku mahakama ikiwa imeshaingia kati. Mwaka 2016 wakaazi wa Kampala wakamrudisha kwa kura zao. Musisi alijiuzulu 2018. Wangekuwa malaika wote wawili, bado wangegongana, kwa sababu mgongano uliandikwa ndani ya sheria.

Kwetu Pemba swali la nani ashike usukani lilishamalizwa mapema, ndiyo maana kuna kimya. Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014 inatupa mabaraza yenye madiwani wa kuchaguliwa, na Mtambile tumo ndani ya wilaya ya Mkoani. Lakini mkurugenzi wa baraza ni mteule wa Rais. Mkuu wa wilaya ni mteule. Mkuu wa mkoa ni mteule, naye ndiye anayemteua sheha. Kijana wa hapa akitaka kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, mlango anaobisha kwanza ni wa sheha, mtu ambaye babaake hakumpigia kura na hawezi kumwondoa. Diwani anakutana naye msibani na harusini. Watu wazima hawagombanii sahani tupu.

Na pale palipokuwa na nafasi ya kubishana, tuliifunga. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, udiwani nao ukiwemo. CUF ikasusia, na Pemba ilikuwa ngome yake. Mabaraza yaliyotoka hapo yangeweza kukubaliana jambo lolote kabla chai haijapoa. Anayeamini kwamba maelewano ndiyo mama wa maendeleo anioneshe hapa Mtambile miaka ile ya maelewano ilituzalia nini ambacho wenye ugomvi wamekikosa.

Kuna wanaosema Wapemba tumechoka na siasa za kugombana, tumezika watu kwa ajili yake. Mauaji ya Januari 2001 hatujayasahau, na hilo siwezi kulibisha. Ila waliouawa siku zile waliuawa barabarani, baada ya kukosa chombo ambacho hoja yao ingesikilizwa. Kelele za ndani ya ukumbi, zenye kanuni, muhtasari na kura ya kuhesabiwa, ni kitu kingine kabisa, na ni dhulma kuzitisha kwa jina la damu ile.

Ninachotaka ni kidogo. Muuza samaki wa njia panda ya Mtambile akitakiwa ushuru, diwani wake asimame kikaoni aulize zimekusanywa shilingi ngapi mwaka mzima kutoka hapa, na zimerudi ngapi. Akiambiwa akae chini, asikae. Mwenyekiti akimkatiza, amtake ajibu kwa maandishi. Na mkurugenzi akisema hilo halimhusu diwani, basi wagombane, milango ikiwa wazi, nasi tumekaa viti vya nyuma tukisikia.