Kisangani: Dosye za zamani za masoko ya serikali zisifungiwe kabatini

Kule Simi-Simi, karibu na uwanja wa zamani wa ndege wa Kisangani, mkaaji anayeona kazi ya serikali ikianza ana maswali matatu: nani amepewa kazi, kwa feza ngapi, na itamalizika lini. Majibu yamo katika karatasi ambazo serikali yenyewe iliandika: tangazo la zabuni, hesabu ya vifaa, ripoti ya waliochagua kampuni, mkataba. Lakini mara nyingi karatasi hizo zinalala katika biro moja. Hata biro jirani, inayotaka kununua kitu kilekile mwaka unaofuata, haizioni.

Hapo ndipo feza za umma zinapovuja bila kelele.

Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 ilipanga upya masoko ya serikali katika Kongo. Kila mamlaka ya umma inayonunua inapaswa kuwa na kitengo chake cha kusimamia miradi na masoko, CGPMP. DGCMP inachunguza dosye mbele ya mkataba kutiwa saini. ARMP inaweka kanuni, inafundisha, inasikiliza malalamiko na kukagua kazi baadaye. Mpango huo ni mzuri: kazi ya kununua imegawanywa, si mtu mmoja Kinshasa anayeamua yote. Ila kumbukumbu haikugawanywa pamoja na kazi. Kila kitengo kinaanza na ukurasa mweupe.

Tuchukue mfano mwepesi. Biro moja inataka kujenga masomo ya vyumba sita katika komini ya Mangobo. Afisa anapaswa kuandika ni mifuko mingapi ya simenti, mabati ya unene gani, madawati mangapi, na bei inayokadiriwa. Mwenzake aliyejengesha jengo kama hilo Lubunga ana hesabu yote mezani. Kama afisa hawezi kuipata, ataenda kumuuliza mtu mwingine anayeijua hesabu hiyo: mfanyabiashara anayetafuta kazi hiyohiyo. Hivyo muuzaji ndiye anayeandika kile serikali itakachonunua, na mashindano yanakuwa yamekwisha mbele ya bahasha ya kwanza kufunguliwa.

Mifano ya ARMP ya kujaza ipo, na inasaidia. Lakini ile ni fomu tupu. Haimwambii afisa kwamba kusafirisha simenti kwa baleinière kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 za mto, kunabadilisha bei yote. Haimwambii kwamba kampuni fulani iliacha ukuta nusu katika komini nyingine. Maarifa hayo yamo ndani ya dosye za zamani tu.

Nchi nzima iliona hatari hiyo mwaka 2024. Mkataba wa vituo 1,000 vya maji, wenye thamani ya karibu dola milioni 400, ulizua ubishi mkubwa pale watu walipogawanya feza kwa idadi ya vituo na kulinganisha na bei ya visima vingine. Kusema nani ana kosa ni kazi ya mahakama. Lakini kugawanya na kulinganisha ni hesabu ya darasa la msingi. Ilifanywa miaka baada ya mkataba kutiwa saini, malipo ya kwanza yakiwa yametoka tayari. Kama bei za visima vilivyochimbwa mbele zingekuwa wazi kwa kila biro, swali lingeulizwa siku ya kwanza.

Wako wanaopinga, na hoja zao si za kutupa. Wanasema kampuni zina siri zao. Ni kweli, na siri hizo zilindwe: mbinu ya kampuni, hesabu zake za benki, karatasi za wafanyakazi wake. Tena, hakuna zabuni ya kufunguliwa mbele ya wakati. Lakini bei ambayo serikali ililipa si siri ya kampuni. Ni deni la mwananchi. Wanasema pia maafisa watanakili bila kufikiri, na bei ya zamani itakuwa bei ya kila siku. Hatari hiyo ipo. Dawa yake ni kuandika tarehe, mahali na njia ya usafiri pembeni ya kila bei. Kufunga kabati si dawa. Wanaosema kampuni zitapatana bei wakumbuke kwamba wakubwa wa biashara wanajua bei za wenzao tayari. Asiyejua ni biro ya serikali na kampuni ndogo ya kijana wa Kabondo.

Kongo si ngeni kwa uwazi. Dekreti ya Mei 2011 inalazimisha kutangaza kila mkataba wa mali ya asili ndani ya siku 60. Kenya iliamuru mwaka 2018 taasisi za umma zitangaze kila mwezi zabuni, washindi na bei, ingawa si zote zilitii. Ukraine, tangu 2016, inaweka zabuni zake kwenye mfumo mmoja, ProZorro, ambapo yeyote anaweza kufuata kazi tangu tangazo mpaka mkataba.

Tshopo haihitaji kungoja mashine ya gharama kubwa. Gavana anaweza kuamuru kila CGPMP ya jimbo, na kuomba ile ya mji wa Kisangani, kuweka nakala ya dosye mahali pamoja ndani ya siku 30 baada ya mkataba kutiwa saini: hesabu ya vifaa, bei, ripoti ya uchaguzi, mkataba na mabadiliko yake, na mwishoni karatasi ya kupokea kazi. Skana moja, kompyuta moja, nakala ya pili mahali pengine, na afisa mmoja anayewajibika kwa jina. Wabunge wa jimbo waulize kila kikao: ni dosye ngapi zimewekwa, na biro gani haijaweka?

Biro itakayokataa itakuwa imejibu swali kubwa zaidi kuliko lile iliyoulizwa.