Gari Imenyanyuliwa, Dhamana Iko kwa Nani?



Wiki mbili zilizopita mjukuu wangu alinijia baada ya sala ya Ijumaa na karatasi ya gereji mkononi. Alitaka nimuongezee pesa. Gari yake ni FJ Cruiser, kainunua mkono wa pili, na sasa baridi inakaribia, wenzake wote wanajitayarisha kwenda kulala mchangani. Karatasi yenyewe ilikuwa safi, imepigwa chapa vizuri: springi za kunyanyua inchi 3, shokapu nne, spesa za kusogeza magurudumu nje, tairi tano za inchi 35, na mwisho kabisa "kukata kidogo bodi na mkono wa chesisi ili tairi isisugue".

Mimi nimekula mshahara wa ukarani zaidi ya miaka thalathini. Mwalimu wetu wa hesabu katika skuli ya misheni alitufundisha kusoma karatasi kutoka chini kwenda juu, kwa sababu juu huandikwa unachopewa na chini huandikwa unachodaiwa. Basi nikaanzia chini. Hapo, kwa herufi ndogo, paliandikwa kuwa ruhusa ya polisi, bima, na dhamana ya kampuni iliyotengeneza gari ni juu ya mwenye gari mwenyewe.

Nilimuuliza, "Hii umeisoma?" Akanijibu, "Babu, hayo huandikwa kila mahali."

Ni kweli huandikwa kila mahali, na ndiyo maana nimeona niyaandike na mimi hapa. Biashara hii imekuwa kubwa katika Ghuba nzima. Vifaa vinauzwa wazi, mafundi wanavifunga wazi, na picha zinapita kwenye simu za watoto wetu usiku na mchana. Muuzaji hatendi kosa kuuza, na fundi anakunja noti yake. Gari ikishatoka mlangoni, mzigo wote unamfuata kijana na baba yake aliyeandikwa kwenye mulkiya.

Sisemi vijana wasiende jangwani. Sisi tuliorudi Oman miaka ya sabini tunakumbuka nchi ilivyokuwa. Mwaka 1970 lami ya nchi nzima ilikuwa kama kilomita kumi. Watu walikwenda Nizwa na Sur kwa kufuata njia za wadi, kwa Land Rover na Bedford zilizokuja na tairi zao nyembamba za kiwandani. Tulichoka, tulikwama, tulisukuma, tukafika. Kwa hiyo hamu ya kijana kuona nchi yake mpaka ndani naielewa, tena naipenda. Ninachotaka ni ajue anachokinunua.

Watu wengi wanachanganya mambo mawili. Kunyanyua gari kwa springi kunanyanyua bodi. Difu ya nyuma, ile bonge la chuma katikati ya ekseli linalogonga mawe, iko chini ya springi, kwa hiyo springi hata ukizirefusha namna gani difu inabaki pale pale. Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya ukubwa ulioongezeka, kwa sababu nusu nyengine inakwenda juu ya ekseli.

Tuifanye hesabu. Tairi ya kiwandani ya gari hii ni 265/70R17. Maana yake upana milimita 265, ukuta wa pembeni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Ukijumlisha, tairi nzima ina kimo cha milimita 803. Tairi ya inchi 35 ina milimita 889. Tofauti ni 86, na nusu yake ni 43. Pesa zote zile, kukata bodi na chesisi, na difu imepanda sentimita nne na kitu. Mjukuu wangu aliipiga hesabu hii mara mbili kwenye simu yake akidhani nimekosea.

Tofauti hiyo hiyo inaingia kwenye spidomita. Gari inahesabu mizunguko ya gurudumu, haijui kuwa umebadili tairi. Mzunguko mmoja sasa unakwenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 11. Mshale ukisoma 100, wewe uko 110 na ushei. Ukisoma 120 kwenye barabara ya Batina, kamera inakuona kwenye 133. Hata kilomita za kubadilishia oili zinahesabiwa pungufu. Fundi muaminifu anaweza kuirekebisha, lakini kwenye karatasi ile marekebisho hayo hayakuwamo.

Breki ndizo zilizonishughulisha zaidi. Breki inakamata katikati ya gurudumu, lakini gari inasimama pale tairi inapogusa ardhi. Tairi ikirefuka, mkono wa breki unazidi kuwa dhaifu. Kwa hesabu ile ile, nguvu inayofika chini inapungua kama sehemu moja ya kumi, na tairi yenyewe ni nzito zaidi kuisimamisha. Mjini huenda usitambue. Lakini fikirini njia ya Jabal Akhdar. Polisi wako pale juu ya Birkat al-Mawz, hawapandishi gari isiyovuta kwa magurudumu yote manne. Hawajapata kumuuliza mtu kama gari yake imenyanyuliwa, wala haihitajiki, kwani njia ni ya lami mpaka juu na gari ya kiwandani inapanda bila tabu. Shida iko kwenye kushuka. Serikali haikujenga zile njia za dharura za kuzamisha gari iliyokosa breki kwa ajili ya mapambo.

Sasa kupinduka. Marekani, idara yao ya usalama wa barabarani tangu magari ya 2001 inapima khatari hii kwa hesabu nyepesi: chukua upana kutoka katikati ya tairi ya kushoto mpaka katikati ya tairi ya kulia, ugawe kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Nimechukua gari ya mfano yenye upana wa sentimita 160 na kitovu cha uzito sentimita 75 juu ya ardhi. 160 gawa kwa 150 ni 1.07. Inyanyue, tairi na springi pamoja, kitovu kikapanda sentimita 10: 160 gawa kwa 170 ni 0.94. Mafundi watasema spesa zinaongeza upana. Haya, tuongeze sentimita 3 kila upande: 166 gawa kwa 170 ni 0.98. Zimepunguza deni, hazikulilipa. Na kila nambari hiyo inavyoshuka, ndivyo gari inavyokuwa nyepesi kupinduka badala ya kuteleza.

Kwa barabara zetu hili si jambo la darasani. Mara nyingi gari haipinduki katikati ya lami. Inapinduka pale dereva aliyesinzia au aliyemkwepa ngamia anapotoka nje, gurudumu likazama kwenye mchanga wa pembeni, naye akavuta sukani kwa fujo kurudi ndani. Gari za siku hizi zina kompyuta inayokamata gurudumu moja moja kumsaidia mtu wakati kama huo. Kompyuta hiyo iliwekewa hesabu za kimo kile na tairi zile za kiwandani. Ukizibadilisha, inaendelea kufanya kazi kwa hesabu za gari isiyokuwepo tena.

Nije kwenye sheria. Hapa Oman kubadili umbo la gari bila idhini ya polisi ni kosa. Ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu wa Imarati, kubadili injini au chesisi bila ruhusa ni dirhamu 1,000, pointi nyeusi 12, na gari kuzuiliwa siku 30. Abu Dhabi wanadai na dirhamu 10,000 nyengine za kuikomboa. Nawataja kwa sababu nusu yetu tuna dada na shemeji Al Ain, Dubai na Sharjah, na vijana wanavuka Buraimi kwenda harusini kama wanavyokwenda sokoni. Sheria inayokukamata ni ya nchi uliyomo wakati huo. Na kumbukeni lile neno la kwenye karatasi: kukata mkono wa chesisi.

Bima nayo ni mkataba juu ya gari iliyoelezwa. Ukiieleza gari moja ukaendesha nyengine, umewapa mlango wa kugombana nawe siku ya msiba. Nimekaa ofisini miaka mingi ya kutosha kujua kuwa mlango ukiwa wazi, mtu ataupita.

Lipo jambo jengine ambalo haliandikwi kwenye karatasi yoyote, nalo ni linavyobadilika moyo wa dereva. Aliyekaa juu anajiona salama. Mwezi wa Aprili 2024 sote tulilia na watu wa Samad al-Shan, maji yalipowachukua wanafunzi wa skuli. Kila baada ya mvua tunaona kwenye simu kijana amesimama na gari yake ndefu ukingoni mwa wadi, wenzake wanampigia kelele aingie. Tairi kubwa ina hewa nyingi ndani, na maji yakipanda inaelea kama boya. Maji hayatazami difu imepanda sentimita ngapi. Yanasukuma ubavu mzima wa gari, na chini yake kuna mawe yanayobiringika. Kuingia wadi inayopita maji kwa makusudi ni kosa lenye kifungo ndani yake, na sheria hiyo haina kifungu cha kumsamehe mwenye gari ndefu.

La mwisho nililipima mwenyewe, uwani kwangu. Nilichukua galoni la maji ya kunywa la lita 20, linalofika juu kidogo ya goti, nikaliweka mbele ya gari ya mjukuu wangu ambayo bado haijaguswa. Nikamkalisha kwenye usukani, nikawa nalisogeza mpaka aseme ameliona. Aliliona lilipofika hatua nne. Tukaazima ya rafiki yake, FJ ile ile, hiyo imeshanyanyuliwa. Hatua nne na nusu. Rafiki akacheka, "Nusu hatua tu, babu!" Mimi kilichonishtua kwanza ni zile nne, kwamba gari ya kiwandani tu inaficha hatua nne nzima. Ndani ya nyumba hii kuna watoto watatu ambao bado hawajafikia umri wa skuli, na wote wanakimbilia mlangoni wakisikia gari ya kaka yao. Mke wangu alikuwa amesimama kizingitini akitutizama. Hakusema kitu, alikwenda akamchukua mdogo wao akampakata.

Kwa nafsi yangu naona lawama zisiwaendee vijana peke yao. Duka linalouza springi na tairi kwa mapato ya maelfu ya riali linaweza pia kumpa mteja karatasi ya ukurasa mmoja kwa lugha ya wazi: gari yako imepanda kiasi hiki, spidomita imerekebishwa au haijarekebishwa, ruhusa inaombwa hapa, bima iarifiwe kwa barua hii. Mabadiliko yaliyokubaliwa yaandikwe kwenye mulkiya, ili anayenunua gari mkono wa pili ajue. Hilo la mkono wa pili ni kubwa kuliko tunavyodhani. Gari hizi zinauzwa tena, nyengine zinapakiwa melini kwenda Zanzibar na Dar es Salaam, na mnunuzi wa kule anarithi chesisi iliyokatwa na mtu asiyemjua.

Na wazee tulio na watoto wanaotaka kununua tairi kubwa, tuwe na tabia moja: tusome tarehe. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kubwa za bei nafuu mara nyingi ni zile zilizolala ghalani, na joto letu halina huruma na mpira uliozeeka. Mjukuu wangu alirudi gereji kuzitizama zile tano alizochaguliwa. Tatu zilikuwa za mwaka mmoja, mbili za mwaka mwengine wa nyuma kabisa.

Tumebishana siku tatu, mara kwa hasira, mara kwa kahawa na halua. Nikamwambia mabedui wa Bidiya wanaoingia mchanga wa Sharqiya kila siku wengi wao wana gari za kimo cha kiwandani, na siri yao ni kupunguza upepo. Ukitoka 35 kwenye kipimo ukashuka mpaka 18 au 15, tairi inalala chini, unyayo wake unarefuka, gari inapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Inakugharimu dakika kumi, mradi uwe na pampu ya kuzijaza tena kabla hujarudi lamini, kwani kwenda mbio na tairi laini ni khatari nyengine.

Tuliposimama ni hapa. Ameacha inchi 35 na kukata chesisi. Anataka 285/70R17, yenye milimita 831, ambayo inakosesha spidomita kwa asilimia tatu na nusu tu, na hata hiyo nimemwambia asubiri. Tumeandika barua mbili, moja ya polisi na moja ya bima. Yeye kaandika kwa Kiarabu, mimi nimesahihisha tarehe na nambari za gari. Majibu bado. Pesa niliyompa ni ya pampu ya upepo na kipimo chake.