Msamaha wa kodi hautaleta kiwanda Kyela

Imani hii imeota mizizi kuanzia vibarazani hadi maofisini: wilaya ya pembezoni ikitaka viwanda, wawekezaji wasamehewe kodi, watakuja wenyewe. Naikataa. Wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, haikukosa viwanda kwa sababu ya kodi.

Chukua kakao. Mkulima anapasua tunda, anatoa mbegu zenye utelezi, anazivundika kwenye sanduku au majani ya migomba siku tano, sita, kisha anaanika. Mvua za Kyela mnazijua: turubai linafunikwa na kufunuliwa mchana kutwa, na mbegu ikiota ukungu bei inashuka. Baadaye mzigo unapita kwenye chama cha ushirika cha AMCOS, ghalani, mnadani, na kusafiri ungali mbegu, chokoleti itengenezwe nchi za watu. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, minada ya Kyela nayo ilipaa, na hakuna aliyekuwa amesamehewa kodi ili ipae.

Mwenye nia ya kusindika kakao hapa atapiga hesabu ya umeme, barabara za mashambani na safari ndefu hadi bandari ya Dar es Salaam. Kodi ya kampuni, asilimia 30, inakatwa kwenye faida. Kiwanda kinachokesha na jenereta hakina faida ya kukatwa, kwa hiyo msamaha haukisaidii kitu. Anayeufaidi ni yule ambaye angepata faida vyovyote vile.

Ushahidi uko jirani. Vuka mpaka wa Kasumulu, ingia wilaya ya Karonga, Malawi, kwenye mgodi wa urani wa Kayelekera. Kampuni ya Paladin ya Australia ilipunguziwa mrabaha kutoka asilimia 5 hadi 1.5 kwa miaka ya mwanzo, kisha 3. Kodi ya mapato ikashushwa kutoka 30 hadi 27.5. Serikali ya Malawi ikaambulia asilimia 15 ya hisa. Mgodi ulizinduliwa 2009, ukasimamishwa 2014. Bei ya urani ilikuwa imeporomoka tangu ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, ya 2011, na umeme wa mgodi ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Punguzo la kodi halikuzuia lolote kati ya hayo. Mwaka 2015 shirika la ActionAid lilikadiria kuwa Malawi ilikosa dola milioni 43 kwa miaka sita, sehemu kwa punguzo hilo la mrabaha, sehemu kwa fedha kupitishwa Uholanzi.

Watetezi wana jibu lao: asilimia 30 ya sifuri ni sifuri, bora mwekezaji aje kwanza. Lingekuwa jibu zuri kama kweli asingekuja. Lakini katika utafiti uliochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2013, wawekezaji tisa kati ya kumi waliohojiwa Tanzania walisema wangewekeza hata bila vivutio vya kodi. Sasa tunamlipa nani, na kwa kazi gani?

Kinachoniudhi zaidi ni anayebaki kulipa. Gunia la kakao linatozwa ushuru wa mazao wa asilimia 3 kwa ajili ya halmashauri. Sheria inasema mlipaji ni mnunuzi. Mkulima anajua unatoka kwenye bei yake. Kwa upande mwingine, Sheria ya EPZ ya 2002, ya maeneo ya uzalishaji wa kuuza nje, ilimpa mwenye kiwanda katika maeneo hayo miaka 10 bila kodi ya mapato, na miaka 10 bila tozo za halmashauri. Yaani zahanati ijengwe kwa gunia la bibi mkulima wa Ipinda, humu Kyela, na kiwanda kitazame tu.

Nafuu ninayoikubali ni moja: aliyekwisha kufunga mtambo, ukazunguka, apunguziwe kodi kulingana na fedha alizozitumia hapa. Afunge kwanza. Na mkataba wowote wa msamaha usomwe kwa Kiswahili mbele ya baraza la madiwani la Kyela kabla haujasainiwa, kiasi kinachosamehewa kila mwaka kikitajwa kwa shilingi.