Mtoto akipewa rufaa, picha zake ziende naye

Mtoto ameanguka na kuumia kichwa. Hospitali ya mkoa imempiga CT scan na kumpa rufaa, mzazi anasafiri na bahasha ya filamu. Akifika anaambiwa kipimo kirudiwe. Gharama inaongezeka, na mtoto anapigwa mionzi mara ya pili, ilhali mwili unaokua huathirika na mionzi kuliko wa mtu mzima.

CT scan moja hutoa picha nyingi, pengine mamia. Filamu huonyesha chache tu. Kuipiga picha kwa simu na kuituma WhatsApp hupunguza ubora zaidi. Daktari bingwa anahitaji faili zenyewe, za mfumo uitwao DICOM, ili azikuze na kuzipitia moja moja.

Mzazi, kabla ya kuondoka uliza kama picha zinaweza kutumwa kwa mtandao. Taasisi ya Mifupa MOI, Dar es Salaam, husoma picha zinazotumwa kutoka mikoani. Ikishindikana, omba CD pamoja na ripoti ya maandishi. Lakini daktari akieleza kuwa hali ya mtoto imebadilika na kipimo kipya kinahitajika, usikatae.