Wingi wa Makabila Si Sifa ya Mji

Liko shindano moja ambalo siku hizi lasikika kila mahali vijana wakutanapo, sokoni, katika gari la kwenda Sumbawanga, hata barazani pa shule. Ni shindano la miji. Mmoja asema kwamba Dar es Salaam yapita miji yote kwa watu wa namna nyingi, maana kila kabila la Tanzania lina watu wake huko. Wa pili ajibu kwamba Nairobi ni zaidi, kwa kuwa ina Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wasomali, Wahindi na Wazungu. Wa tatu, aliyesoma habari katika simu yake, awacheka wote wawili, akataja London na New York. Kila mmoja ana hesabu yake, na mwenye hesabu kubwa ajiona ameshinda.

Mimi nasema kwamba shindano hili ni la bure, tena lina madhara. Ni la bure kwa sababu lapima kitu kisichopimika kwa kuhesabu. Lina madhara kwa sababu mtu aliyezoea kuwatazama watu wa mbali kama mafungu ya kuhesabiwa, akirudi kwao Ufipa, huwatazama jirani zake kwa macho yale yale.

Sisemi kwamba hesabu zenyewe ni za uongo. Mwaka 2021 Waingereza walihesabu watu wao, na katika London walikutwa watu karibu 8,800,000, ambao kila 100 kati yao, karibu 41 walizaliwa nje ya Uingereza. New York mwaka 2020 ilikuwa na watu kama idadi hiyo hiyo, na katika mafungu ambayo Wamarekani hugawia watu, Weupe, Weusi, Walatino, Waasia na wengineo, hakuna fungu hata moja lililofika theluthi ya mji. Haya ni kweli. Lakini hesabu hiyo yatuambia nani wamo mjini tu. Haituambii wanaishije.

Tutazame mji wa Chicago. Kwa hesabu ya mwaka 2020 mji huo wapaswa kupewa tuzo, maana Weupe, Walatino na Weusi wamegawana mji karibu sawasawa, kila fungu likikaribia theluthi. Walakini mtu akitembea mitaa yake ataona kwamba kwa sehemu kubwa kila fungu lina upande wake. Jambo hili halikuja kama mvua. Kwa miaka mingi hati za nyumba ziliandikwa sharti kwamba asiuziwe mtu mweusi, hata Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa kuyatia nguvu masharti hayo mwaka 1948. Na mwaka 1919 kijana mweusi aitwaye Eugene Williams alikuwa akiogelea ziwani; akasukumwa na maji akavuka mpaka ambao haukuandikwa mahali po pote, akatupiwa mawe, akafa maji. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Hata maji ya ziwa yalikuwa na mpaka. Je, kijana yule alifaidi nini kwa kukaa katika mji wenye watu wa namna nyingi?

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya Marekani tu. Dar es Salaam yenyewe, zamani za Wadachi na baada yao Waingereza, ilikuwa na Wazungu, Wahindi, Waarabu na Waafrika wa makabila mengi. Mwenye kuhesabu angeisifu sana. Lakini mji uligawanywa sehemu tatu, Uzunguni penye upepo wa bahari, Uhindini penye maduka, na Kariakoo na Ilala kwa Waafrika; na kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja uwatenge watu. Nairobi nayo, iliyoanza kama kambi ya reli mwaka 1899, iligawanywa vivyo hivyo, Wazungu pande za vilima vyenye miti, Wahindi pande zao, na Waafrika mashariki ya mji. Watu walikuwa wa namna nyingi, ndiyo. Lakini mbegu za namna kumi zilizofungwa katika vibuyu kumi si shamba.

Tena mafungu yenyewe ya kuhesabia hayasimami imara. Katika Unguja na Pemba, hesabu ya mwaka 1924 iliandika watu wengi sana kuwa Waswahili. Mwaka 1931 Waswahili walikuwa wamepungua mno, na hapakuwa na tauni wala vita. Watu walikuwa wale wale, ila walijiandikisha kwa majina mengine, kwa sababu kila jina lilikuwa na heshima yake na faida yake mbele ya serikali. Basi, ikiwa mtu aweza kulala Mswahili akaamka Mshirazi, kuna faida gani kubishana ni mji gani wenye mafungu mengi?

Sikilizeni na habari ya miji miwili ambayo yafaa kutajwa pamoja. Kampala ilikuwa na Wahindi wengi, wenye maduka, viwanda na shule, na wengi walizaliwa pale pale. Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 waondoke nchini. Wengi walikwenda Uingereza, na kwa kuwa walisikia kwamba Leicester kuna jamaa zao, walielekea huko. Baraza la mji wa Leicester lilitangaza katika gazeti la Uganda kuwasihi wasije. Wakaja. Wakafungua maduka, wakaajiri watu, hata mji ule uliowakataa ukawa mji wao. Mwaka 2021 katika kila watu 100 wa Leicester, 43 walikuwa wa asili ya Asia, na Weupe 41. Watu walewale walikuwa kelele katika mji mmoja, wakawa mtaji katika mwingine. Hata hivyo mwaka 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walipigana katika barabara za Leicester, ili tujue kwamba amani ya majirani hailindwi na hesabu, hata ikiwa nzuri namna gani.

Sasa turudi kwa Dar es Salaam na Nairobi, maana ndipo ubishi wetu ulipo. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na Nairobi watu 4,397,073 mwaka 2019. Serikali ya Kenya huuliza kabila la mtu katika hesabu. Yetu haijauliza tangu mwaka 1967. Huko Kenya, mwaka 2017, Wamakonde waliokaa pwani miaka mingi bila vitambulisho walikubaliwa kuwa kabila la 43, na Wahindi wakawa la 44. Nafurahi kwamba walipata haki yao. Lakini yasikitisha kwamba mlango wa kuingilia uraia ulikuwa ni kuitwa kabila. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini humo, na katika Kibera na Mathare watu waliopanga mtaa mmoja waliulizana kabila, wengine wakahama usiku kuwafuata wenzao. Mitaa ilikuwa na makabila mengi jioni. Asubuhi ikawa na moja moja.

Sitaki Watanzania wajivune. Mwezi wa Januari mwaka 1964, askari walipoasi Dar es Salaam, maduka ya Wahindi na Waarabu yaliporwa. Lakini mji ule umekuwa na mambo mawili yaliyousaidia. La kwanza ni nyumba. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, ukumbi katikati, na ua nyuma. Mwenye nyumba hupangisha kila chumba kwa mtu wake. Hivyo Mfipa hupika uani karibu na Mmakonde, Mhaya hungojea choo baada ya Mzaramo, na mtoto wa mmoja akiugua usiku wote huamka. La pili ni lugha, kwa maana wote hugombana na hupatana kwa Kiswahili. Na mwezi wa Oktoba 1961, walipotokea wabunge waliotaka uraia wa Tanganyika ufuate rangi, Mwalimu Nyerere alikataa kabisa, akawa tayari kuacha serikali kuliko kukubali.

Najua kwamba mtu mwenye akili ataniuliza, “Mwalimu, wewe wakataza kuhesabu, lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Bila kuhesabu, utajuaje nani ananyimwa?” Swali hili ni la haki. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Uingereza, hesabu ndizo zilizoonyesha kwamba watu weusi walikufa kwa kiasi kikubwa kuliko weupe, na bila hesabu hizo neno hilo lingefichika. Wala sisi, kwa kutouliza kabila, hatukupata cheti cha kutokuwa na upendeleo. Upendeleo waweza kukaa ofisini bila kuandikwa. Basi sikatazi daftari. Daktari huhesabu mapigo ya moyo ili aponye. Mwizi huhesabu ng'ombe ili achague. Mimi nakataza kuhesabu watu kwa ajili ya kujisifu, na kuhesabu kwa ajili ya kugawana minofu.

Wenye kupenda kulinganisha miji na waulize maswali matatu. Je, mgeni apata chumba bila kuulizwa kwao ni wapi? Je, akifiwa, nani wabeba jeneza? Je, akidhulumiwa na mwenyeji, baraza lamsikiliza sawasawa na mwenyeji? Mji unaoyajibu vizuri haya matatu ni mji mkubwa, hata ukiwa na makabila mawili. Mji usioweza kuyajibu ni soko tu, hata ukiwa na makabila mia mbili.

Na maswali haya, wasomaji wangu, hayaishii mijini. Kuna watu hapa kwetu wasemao, “Hayo ni ya mijini, Ufipa ni ya Wafipa.” Hao hawajui habari za nchi yao. Wenye kuchunguza mambo ya kale waeleza kwamba jina hili la Wafipa tulipewa na wageni, nalo lahusu mteremko wa nchi yetu. Watwaki, waliotawala Nkansi na Lyangalile, walikuja kutoka nje wakawakuta wenyeji wa Milansi. Wangoni wa Zwangendaba walifika, na mkuu wao akafia hapa Ufipa karibu na mwaka 1848. Wamambwe na Walungu wako huku Kalambo na wako ng'ambo katika Zambia, ndugu wa baba mmoja waliokatwa na mpaka wa Wadachi na Waingereza. Babu zetu wenyewe walikwenda Tanga kukata mkonge, na Lupa kuchimba dhahabu, wakawa wageni katika nchi za watu.

Leo wafugaji wa Kisukuma wamo katika Bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Mgogoro wa malisho na mashamba ni wa kweli, nao wataka sheria na mipaka iliyo wazi. Ng'ombe akila mahindi, mwenye ng'ombe na alipe, awe nani. Lakini nikisikia mtu akisema “hawa Wasukuma wamezidi,” nasikia mapigo ya Mnazi Mmoja na ziwa la Chicago. Aliyekosa ni mtu mwenye jina. Kabila halipelekwi barazani.

Kila mkulima wa hapa ajua kwamba maharage hupanda juu ya bua la mhindi, na hakuna aulizaye lipi lilifika kwanza shambani. Basi, kijana atakapoanza tena kuhesabu makabila ya Dar es Salaam mbele yenu, mwulizeni kwa upole: katika mtaa wetu huu, mgeni aliyefika mwaka huu anaitwa nani, na nani amekwisha kumpigia hodi?