Raundabauti Itatuokoa Ama Ni Stori Tu? Funzo la Londiani

Wasee, Juni 30, 2023 haitasahaulika Kericho. Trela ilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction, ikavamia matatu, nduthi na watu waliokuwa wakiuza vitu kando ya barabara. Watu 52 wakafariki.

Siku hizi ajali ikitokea kwa makutano, hakosi msee wa kusema: "Si waweke raundabauti!" Swali ni, inasaidia?

Inasaidia, tena sana. Makutano ya kawaida ya njia nne yana sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana. Raundabauti ya leni moja ina 8 pekee. Dere hawezi kupita mbio moja kwa moja, lazima apunguze spidi na ampishe anayetoka kulia. Hata mkigongana, mnakwaruzana ubavu, si kukutana uso kwa uso. Mamlaka ya barabara kuu Marekani inasema kuweka raundabauti mahali palipokuwa na alama ya kusimama tu hupunguza ajali za vifo na majeraha kwa asilimia 82.

Sasa fikiria Kaplong, pale njia ya Bomet inakutana na ile ya Kericho kwenda Sotik. Ama Kapsoit, njia ya Sondu ikiingia kwa ile ya Kisumu. Lori za majani chai, mathree zinakimbizana na abiria, nduthi zinachomoka kila upande, na mvua ya jioni juu yake. Spidi ikishuka hapo, watu wengi watafika home.

Lakini tusidanganyane. Raundabauti inafanya kazi dere akiweza kufunga breki. Trela ikishuka mteremko bila kushikika, hicho kisiwa cha katikati itakiparamia tu. Kilichofanya Londiani iwe noma vile ni kwamba watu walikuwa wamejaa pale pale lami inapoishia.

Baada ya msiba, aliyekuwa Waziri wa Barabara, Kipchumba Murkomen, alisema masoko yaondolewe kando ya barabara kuu. Poa, lakini mama mboga hakai hapo kwa kupenda vumbi. Anafuata wateja, na wateja wanashukia hapo kwa sababu mathree zinasimama hapo.

Kwa hivyo, serikali ikileta raundabauti, isogeze stage kwanza, mbali na makutano. Stage ikihama, soko litaifuata lenyewe. Bila hiyo, tutakuwa na raundabauti safi iliyozungukwa na watu walio hatarini vile vile.